Kilomita elfu sita kwa mwezi: nichukue IST, Prius, au niweke gesi kwenye Harrier?

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Mimi nauza dawa na vifaa vya maabara, naishi Morogoro, wiki hii niko Dodoma, ijayo Iringa, nyingine Dar. Nikijumlisha natembea kama kilomita 6,000 kwa mwezi. Nina Harrier ya 2.4 namba C, inanimaliza kwa mafuta na sasa imeanza kula oili. Nikiiuza na nikiongeza nilichonacho nafika milioni 18. Nataka gari ndogo ya mafuta kidogo niitunze mpaka ifike kilomita laki tano. Wengine wananiambia IST, wengine Prius, shemeji anasema dizeli, na kuna anayeniambia niweke gesi niachane na haya yote. Nichukue ipi, na niitunzeje?

JIBU: Nzuri dada yangu, na asante umenitajia kilomita maana watu wengi wananiuliza "gari gani haili mafuta" alafu hawasemi wanaenda nayo wapi, ni kama kumuuliza fundi cherehani anataka mita ngapi za kitambaa bila kumwambia unashona nini.

Tuanze na hiyo laki tano maana najua kuna watu watakucheka. Elfu sita kwa mwezi ni 72,000 kwa mwaka. Ukinunua gari yenye laki moja ya kweli (nimesema ya kweli, tutarudi hapo) unafika laki tano ndani ya miaka mitano na nusu hivi, yani gari haijawa hata ya kizee, imetembea tu. Na kilomita zako ni za barabara kuu, hizo ni kilomita nzuri. Injini haihesabu kilomita, inahesabu masaa na inahesabu mara ngapi imewashwa ikiwa ya baridi. Chukulia gari ya Dar inayokaa kwenye foleni za Mbagala na Kimara, spidi yake ya wastani ni kama 20 kwa saa, ikifika 150,000 imeshafanya kazi masaa 7,500. Yako kwa wastani wa 65 kwa saa, ikifika 500,000 imefanya masaa kama 7,700. Unaona? Injini zimechoka sawa, dashibodi ndo zinasema vitu tofauti kabisa. Kwaiyo usiogope namba, ogopa matunzo.

Kuna mwalimu mmoja wa sayansi Marekani, Irv Gordon, alinunua Volvo P1800 mpya mwaka 1966 na mwaka 2013 akafikisha maili milioni tatu, hiyo ni zaidi ya kilomita milioni nne na laki nane, gari ile ile. Watu walikuwa wanamuuliza siri yake wakitegemea dawa fulani ya kumwaga kwenye injini, na jibu lake siku zote lilikuwa la kuboa tu, anafuata kitabu cha gari na anabadilisha oili kwa wakati. Na alikuwa anatembea sana, hilo nalo linasaidia, gari inayolala wiki tatu nyumbani inaharibika vizuri tu.

Haya tuje kwenye hela. Bei ya petroli EWURA wanaibadilisha kila mwezi kwaiyo tuweke elfu tatu kwa lita tupate hesabu rahisi, we utaweka ya siku hiyo. Harrier yako kwa safari inakupa kilomita 9 kwa lita, labda 10 ukiwa mpole. Kwa 9, elfu sita ni lita 667, milioni mbili kwa mwezi. Ukihamia gari ya 15 kwa lita ni lita 400, milioni moja na laki mbili. Umeokoa laki nane kila mwezi, milioni 9 na laki 6 kwa mwaka. Sasa angalia, kutoka 15 kwenda 20 kwa lita, ambako ndo wauza haibridi (gari za petroli na betri kama Prius) wanakupeleka, unatumia lita 300, laki tisa, umeokoa laki tatu tu zaidi. Watu hawalioni hili. Ile hatua ya kwanza ya kushuka kwenye gari kubwa ndo yenye hela, zinazofuata kila moja inakupa kidogo kuliko iliyopita. Sio kwamba laki tatu ni ndogo, ila ujue unaifukuzia kwa gharama gani.

Shemeji wa dizeli muache kwanza. Dizeli ni nzuri kwenye Hilux inayobeba mzigo, ila gari ndogo za dizeli za mtumba ni chache, na hizi dizeli za kisasa nozeli zake na pampu yake vina presha kubwa na havisamehi mafuta machafu, seti moja ya nozeli ikifa hela uliyookoa mwaka mzima imeondoka asubuhi moja. Unakumbuka enzi dizeli inachanganywa na mafuta ya taa, mpaka serikali mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili isiwe na faida kuchanganya? Mambo yamekuwa mazuri sana toka hapo ila bado mi sikushauri.

Gesi: kwa hesabu tupu gesi inashinda wote. Kilo moja inakaribia nusu ya bei ya lita ya petroli, na kilo moja ina nguvu ya kama lita moja na nusu kasoro kidogo. Ningekuwa najibu dereva wa teksi wa Dar ningemwambia afunge kesho. Ila we unalala Morogoro, unaenda Dodoma na Iringa, na vituo vingi vya gesi viko Dar na jirani yake, alafu mtungi unakula buti yako ambayo ndo ina sampo za kazi. Utajikuta umebeba mtungi mtupu kutoka Mikumi mpaka Iringa, unapandisha nao Kitonga. Vituo vinaongezeka, kwaiyo nunua gari ambayo huko mbele inaweza kufungwa gesi bila shida, ila usianze nayo. Na kufunga gesi kwenye Harrier inayokula oili ni kumvisha suti mgonjwa, usifanye.

Prius na mdogo wake Aqua. Hapa nitakaa kidogo maana kuna uongo mwingi wa pande zote. Mafundi wengi wanasema betri inakufa mwaka wa pili, si kweli. Consumer Reports wa Marekani mwaka 2011 walichukua Prius ya 2002 iliyokuwa imetembea zaidi ya kilomita 330,000 wakaipima ulaji wa mafuta wakalinganisha na ile waliyoipima ikiwa mpya miaka kumi nyuma, tofauti ilikuwa karibu hakuna. Betri inauliwa na joto. Inapoozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililopo pembeni ya siti ya nyuma, tundu likijaa vumbi, au mtu akiliwekea begi la nguo mbele yake, betri inachemka kimya kimya mpaka siku taa inawaka. Vumbi la Dodoma unalijua. Pili, haibridi inaokoa mafuta kwa kukusanya nguvu unapofunga breki na kwa kuzima injini mkisimama, hivyo vitu vinatokea Ubungo na Mwenge. Kwenye lami nyoofu ya Gairo unaenda 90 bila kugusa breki, hapo inabaki na faida ila sio ile wanayokutangazia. Tatu, Prius za kuanzia 2009, zile za 1.8, zina tabia ya njia ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, kuziba masizi, na isiposafishwa unakuja kuunguza gasketi ya silinda hedi. Aqua ina injini ya 1.5 iliyotulia zaidi. Na nne, hii ndo iliyonifanya niseme hapana kwako, siku ikikugomea Ruaha Mbuyuni saa kumi na mbili jioni nani anaifungua? Ungekuwa unazunguka Dar ningesema Aqua macho yamefumba.

IST: gari nzuri, ya 1.5 injini ni ile ile nitakayokusifia chini, ila ni fupi, iko juu kidogo, na kwa masaa manne mfululizo mgongo utakudai. Ukikutana na basi la mikoani linakuja upande wa pili IST inatikiswa mpaka unashika usukani kwa mikono miwili. Kwa mizunguko ya mjini sina neno nayo.

Kwaiyo mimi kwako nasema Corolla Fielder ya 1.5, au kama hujali uzuri basi Probox au Succeed ya 1.5. Karibu zote zina injini ya 1NZ, mashine ambayo haina maajabu yoyote na ndo sifa yake. Ina cheni sio mkanda wa taimingi, kwaiyo hakuna siku ya kukimbizana na mkanda kila laki moja. Oili yake ni lita 3.7 tu. Spea zake zipo Morogoro, zipo Iringa, zipo kwa muuza duka wa Gairo. Fundi yeyote chini ya mwembe ameshaifungua. Kenya wanabebesha Probox miraa usiku kucha kwa spidi ambazo sitaki kuzitaja na bado zinadunda. Kwa safari, ukienda 80 hadi 90, zinakupa 15 hadi 17 kwa lita.

Tofauti iko kwenye giaboksi. Fielder za kuanzia 2006, hizi NZE141, otomatiki yake ni CVT, yani haina gia za hatua, imetulia, inakula mafuta pungufu kidogo, ila haitaki mchezo na oili yake. Zile za kabla, NZE121, na Probox zote mpaka 2014, zina otomatiki ya kawaida ya gia nne, inapiga kelele kidogo ukiwa mwendo mkubwa ila ni ngumu kama jembe. Na kama unajua klachi na umebahatika kuipata ya klachi, chukua hiyo, usifikirie mara mbili. Unachotakiwa kukimbia ni Premio na Allion za zamani za D4 ya 2.0, zinapiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, pampu yake ikikorofisha ni kilio, na 1.8 za mwanzoni yani 1ZZ, nyingi zinakula oili, utakuwa umehama Harrier ukahamia Harrier nyingine ndogo.

Sasa kuichagua yenyewe. Hapa ndo watu wanapigwa.

Ukiagiza Japani, omba karatasi ya mnada na uhakikishe namba ya chesesi inafanana. Karatasi inaandika kilomita na daraja, ukiona R au RA ujue iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Mimi bora nichukue ya 130,000 yenye karatasi kuliko ya 48,000 isiyo na karatasi. Piga hesabu ya ushuru kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti, gari ikizeeka ushuru wa uchakavu unaongezeka na inaweza kukuvuruga bajeti.

Ukinunua hapa hapa, dashibodi usiiamini kabisa, kurudisha kilomita nyuma ni kazi ya nusu saa. Angalia mpira wa pedali ya breki, angalia usukani upande wa kulia juu pale mkono unaposhika, angalia siti ya dereva pembeni pale unapoteremkia. Gari ya elfu arobaini haiwezi kuwa na pedali imelika mpaka chuma. Fungua mlango wa dereva na boneti tafuta stika za Kijapani za kubadilisha oili, wauzaji wengi wanasahau kuzibandua, zina tarehe na kilomita. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu yao ya Heisei, Heisei 28 ni 2016, Heisei 30 ni 2018, we jumlisha mwenyewe. Nimeshakuta gari inasema 61,000 kwenye dashibodi na stika ya miaka minne nyuma inasema 118,000, muuzaji akabaki anaangalia simu.

Alafu nenda asubuhi kabla hawajaiwasha, waambie kabisa wasiiwashe. Shika boneti iwe ya baridi. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta utope mweusi kama grisi ondoka, hiyo ilikuwa haibadilishwi oili. Washa, sikiliza sekunde mbili tatu za kwanza, cheni iliyochoka inachacharika. Mtu akae nyuma aangalie sailensa, moshi wa bluu ukitoka pale inapowashwa au unapokanyaga baada ya kuiacha inguruma kama dakika kumi, inakula oili. Ipimwe na mashine ya kusoma hitilafu, na umuulize fundi kama kumbukumbu imefutwa hivi karibuni, mashine inaonyesha hilo, watu wanafuta taa saa moja kabla hujafika. Kisha endesha nusu saa mpaka ichemke vizuri ndo usikie giaboksi, ikiwa ya baridi kila giaboksi ni nzuri.

Ukishaipata, kabla ya spea yoyote nunua daftari. Sio utani. La elfu moja, likae kwenye droo ya gari na kalamu. Kila ukijaza mafuta andika tarehe, kilomita, lita, na kituo. Jaza mpaka bomba likate lenyewe, usiongeze, na safari ijayo fanya hivyo hivyo, kilomita ulizotembea gawa kwa lita ulizoweka. Ukishakuwa na wiki sita za namba hizo unajua gari yako ya kawaida ni ngapi, tuseme 15.8. Hiyo namba ndo kipimajoto chako. Ikishuka hadi 14 na hujabadilisha njia wala mzigo basi gari inaumwa hata kama hakuna taa iliyowaka, na karibu kila ugonjwa unaanzia hapo miezi miwili kabla haujakulaza barabarani. Upepo umepungua, breki inashika, eya klina imejaa, plagi zimechoka, sensa ya oksijeni imezeeka inadanganya kompyuta, au themostati.

Hiyo themostati naomba niiseme kwa uchungu. Kuna mteja alikuja na Fielder, daftari lake linaonyesha alikuwa anapata 15 na kitu akashuka 12, ameshabadilisha plagi, ameosha nozeli, amenunua pampu mpya ya mafuta, hela imeenda. Nikachomeka mashine tukatembea, injini joto halifiki hata 70. Fundi mmoja huko nyuma aliitoa themostati "ili isichemke". Hii tabia imeenea nchi nzima. Themostati inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike kama nyuzi 82, ukiitoa injini inakaa ya baridi safari nzima, kompyuta inadhani ndo kwanza imeamka inaongeza mafuta, oili haichemki ikakausha unyevu, ringi zinasagika. Gari iliyochemka inatafutiwa kwanini imechemka, feni, rejeta imeziba, kifuniko cha rejeta kimelegea, wota pampu, sio kutolewa kiungo. Ukinunua gari hiyo iwe kazi ya kwanza kuuliza, ipo au haipo.

Na maji, weka kulanti, usiweke ya bomba na ya kisima ndo usiseme, visima vingi vya Dar vina chumvi, chumvi inakula aluminiamu kutokea ndani na siku unagundua gasketi imeshakwenda. Kulanti iliyochanganywa tayari, usichanganye rangi usizozijua, ibadilishe kila miaka miwili. Mimi mwenyewe na ufundi wangu wote niliwahi kuua injini kwa mpira wa maji wa bei ya chipsi kuku. Niliuona umevimba nikasema nikirudi nitabadilisha. Ulipasuka katikati ya hifadhi ya Mikumi, pale huwezi hata kushuka ukaangalia kwa raha, nikajidanganya nitasogea mpaka getini, nilifika na injini ikiwa imekwisha. Kwaiyo mipira yote ya maji na mkanda wa feni, ukinunua gari badilisha vyote kwa mkupuo hata kama vinaonekana vizima, ile ya zamani iliyo nzima nzima weka kwenye buti.

Oili. Kwa safari zako weka sinthetiki 5W-30 na ubadilishe kila 7,000 au 8,000, na filta yake kila mara. Hiyo ni karibu kila mwezi na wiki moja, weka alamu kwenye simu. Ukishindwa bei ya sinthetiki weka ya kawaida na ubadilishe kila 5,000, ni bora oili ya kawaida inayobadilishwa kuliko ya bei mbaya inayosahauliwa. Nunua duka linaloeleweka, kopo lina sili, na ukimaliza litoboe maana makopo matupu ya oili yanatafutwa na wanaojaza feki. Na kila ukijaza mafuta mara ya pili chomoa kijiti uangalie. Injini ikifika laki tatu ikianza kunywa robo lita kati ya oili na oili sio msiba, unaongeza unaandika kwenye daftari, msiba ni ile isiyoangaliwa ikatembea na lita moja ndani.

Giaboksi usimsikilize anayekwambia oili yake ni ya maisha, maisha ya nani? Kila elfu 40 hadi 50 mwaga uweke mpya, ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu chake. CVT inataka oili ya CVT, ukiiwekea ya otomatiki ya kawaida umeiua, haina rufaa. Na gari ukiinunua ukakuta oili ya giaboksi nyeusi usikubali kuisukuma yote na mashine kwa siku moja, mwaga inayotoka yenyewe, weka mpya, tembea elfu moja au mbili, rudia. Mara tatu hivi inasafika taratibu bila kuishtua.

Mengine yanaenda haraka. Plagi weka za iridiamu, zinafika laki moja, za bei rahisi utabadilisha mara nne kwenye umbali huo huo. Eya klina ipulize kila elfu tano na ibadilishe kila elfu 20, ukipita vumbi mapema zaidi. Usitembee na taa ya mafuta inawaka, pampu iko ndani ya tenki na mafuta ndo yanaipooza, ukiizoesha kukaa kavu inakufa. Usikubali mtu akutoe masega ya kuchuja moshi kwenye ekzosi akikuambia gari itakuwa nyepesi, atakachofanya kiwe chepesi ni pochi yako, na yeye anaenda kuyauza.

Tairi sasa, hapa kuna mafuta mengi yanapotea bure. Upepo unapimwa asubuhi gari haijatembea, namba sahihi imeandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, gari hizi mara nyingi ni kati ya 30 na 35. Kijana wa upepo atakuuliza "niweke ngapi", ukijibu "weka ya kawaida" ataweka ya kwake. Nunua kigeji chako. Rimu kubwa usiweke, rimu nzito na tairi pana zinakula mafuta na zinaua beringi. Tairi mtumba kwa kilomita zako usithubutu, na hata mpya soma tarakimu nne za mwisho pembeni, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019, imekaa dukani imekauka. Wili alaimenti kila elfu kumi, tena matuta ya njia yetu unayajua. Ukisimama kupumzika pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, moja ikiwa na moto kuliko mwenzake breki inashika, umeokoa mafuta na umeokoa diski.

Kuendesha. Upepo unaoizuia gari unakua kwa mraba wa spidi, kutoka 80 kwenda 110 kazi ya kusukuma hewa inakaribia mara mbili. Morogoro hadi Dodoma ni kilomita 260 hivi, ukienda kwa 110 badala ya 90 kwenye zile sehemu nyoofu unawahi labda dakika ishirini, na ukipigwa tochi kijiji kimoja tu cha 50 hizo dakika umezirudisha zote na hela juu. Angalia mbali, ukiona lori linapanda mbele yako achia mguu mapema, usije mpaka mkiani kwake ndo ufunge breki kisha ukanyage upya kuovateki, kila breki ni mafuta uliyoyalipia unayageuza moto.

Na Kitonga. Ukishuka kutoka Iringa usiweke nyutro, nakuomba. Watu wanadhani wanaokoa mafuta. Gari za nozeli ukiwa kwenye gia umeachia mguu kompyuta inakata mafuta kabisa, magurudumu ndo yanazungusha injini, unatumia sifuri. Ukiweka nyutro injini inabidi ijiwashe yenyewe inguruma, kwaiyo unachoma mafuta, na breki zinabeba gari peke yake mpaka zinachemka zinakosa nguvu. Weka gia ya chini, 2 au L, CVT weka S au B kulingana na ilivyoandikwa, shuka taratibu nyuma ya malori na uwaache wenye haraka wapite.

Hela ya matengenezo usiitafute siku ya matengenezo. Tenga shilingi 50 kwa kila kilomita uliyotembea, kwa elfu sita ni laki tatu kwa mwezi, itoe kwenye ile laki nane uliyookoa, weka kwenye laini ya simu isiyo ya matumizi. Hiyo inabeba oili, tairi, bushi, shokapu, breki, na gari ikifika kilomita laki tatu na nusu au nne kama injini imechoka unakuta una hela ya injini nyingine ya 1NZ kutoka Japani, ambayo kwa kawaida inatoka nafuu kuliko kuifungua ya kwako na kuichonga, maana zimejaa.

Harrier iuze sasa hivi ikiwa bado inatembea, na umwambie mnunuzi ukweli kwamba inakula oili, mtaelewana bei. Ukipata Fielder au Probox iliyokuvutia usilipe advansi hata laki moja, nitumie kwanza namba ya chesesi, picha ya pedali ya breki, na video fupi ya kuiwasha asubuhi ikiwa ya baridi, sauti iwe wazi bila redio.